Moyo ukisimama, maji baridi hayasaidii

Mtu akianguka ghafla barazani, iwe Nungwi kule Unguja au Mkoani kule Pemba, kuna watakaokimbilia ndoo ya maji. Wapo pia waliosikia kwamba hospitali huwapoza kwa barafu watu ambao moyo umesimama, basi wakaona maji yale ni tiba.

Si tiba, na muda unaopotea unaua. Kupoza mwili ni kazi ya chumba cha wagonjwa mahututi, kwa mgonjwa ambaye moyo wake umesharudi kupiga ila hajazinduka. Huyu wa barazani, asiyejibu wala kupumua sawasawa, damu haifiki ubongoni, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Weka mikono katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kiache kifua kinyanyuke. Ukichoka, mwenzio apokee. (Aliyezama baharini huanza kupuliziwa pumzi, kisha kifua.)

Dhana ya pili ina asili yake: kwamba baridi ikizidi, ubongo unanusurika zaidi. Mwaka 2002 tafiti mbili, ya Ulaya na ya Australia, zilionyesha nafuu kwa waliopozwa hadi joto la mwili la nyuzi 32 mpaka 34 za Selsiasi, na dunia nzima ikafuata. Lakini mwaka 2013, katika utafiti mwingine, waliopozwa hadi nyuzi 33 na waliowekwa kwenye 36 walipata matokeo sawa. Mwaka 2021, katika utafiti wa wagonjwa wapatao 1,900, waliopozwa hadi 33 walilinganishwa na waliozuiliwa homa tu. Pande zote mbili karibu nusu walifariki, na waliopozwa ndio waliopata zaidi hitilafu za mapigo ya moyo.

Bado wapo mabingwa wanaotetea kupoza kwa baadhi ya wagonjwa. Kwangu, habari kubwa kwa visiwa vyetu ni hii ya kuzuia homa: kupima joto mara kwa mara, paracetamol, feni na macho ya muuguzi ni mwanzo mzuri hata pasipo mashine ya kupozea. Kwa hiyo ndugu, tusimgubike mgonjwa blanketi kwa huruma kabla ya kumuuliza muuguzi.

Na mgonjwa akiwa baridi, kimya, hatikisiki, tusiseme keshakwenda. Dawa za usingizi anazopewa hospitalini hukawia mwilini. Miongozo inataka madaktari wasubiri angalau saa 72 tangu moyo urudi kabla ya kukadiria kama ubongo utapona.