Darubini ya Fermi Ilivyopimwa Kabla ya Kurushwa

Mizani ya sangara pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, haiaminiki kwa maneno ya mwenye mizani. Afisa wa Wakala wa Vipimo huweka jiwe lenye uzito unaojulikana, akasoma. Darubini ya angani ya Fermi, iliyorushwa Juni 2008, nayo ilihakikiwa hivyo, ila mawe yake yalikuwa chembe zinazokaribia mwendo wa mwanga.

Fermi hupokea miale ya gama, yaani mwanga wa nishati kubwa mno. Miale hii haiakisiwi na kioo, hupenya, kwa hiyo chombo chake kikuu ni minara 16 ya kuinasa. Sehemu ya juu ya kila mnara ina matabaka ya tangsteni na silikoni: mwale ukigonga tangsteni huzaa elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji kinyume), na silikoni hurekodi njia zao. Chini yake kuna fuwele za iodidi ya sizi (cesium), ambazo humulika kadiri ya nishati iliyoingia. Swali gumu ni hili: mmuliko kiasi gani ni nishati kiasi gani?

Mwaka 2006 watafiti walichukua minara miwili kamili ya akiba na sehemu ya fuwele ya mnara wa tatu, wakaipeleka CERN, maabara ya fizikia ya chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Huko vichapuzi, mashine za kuharakisha chembe, viliipiga kwa mikondo ya elektroni, fotoni (chembe za mwanga) na protoni za nishati inayojulikana, kwa pembe mbalimbali. Ioni nzito, yaani atomi nzito zenye chaji, zilifuata kwenye maabara ya GSI, Darmstadt, Ujerumani. Protoni zilihitajika sana, kwani angani ni nyingi kupita miale ya gama kwa maelfu, na chombo lazima kizitambue kizikatae. Kwangu mimi faida kubwa ilikuwa pale vipimo vilipopishana na mahesabu ya kompyuta yaliyovitabiri, maana hapo ndipo programu ilipojulikana irekebishwe wapi.

Fermi ina pia vipokezi vidogo, vilivyohakikiwa kwa vyanzo vya mionzi. Tarehe 14 Desemba 2009, ikiwa juu ya Misri, vilinasa chembe zilizotoka kwenye radi ya Zambia, zikiwa zimefuata usumaku wa dunia. Nishati iliyosomeka ilikuwa elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 511,000, alama ya positroni inapokutana na elektroni zikaangamizana. Hivyo tulijua kuwa radi, kama hizi zinazotuamsha usiku hapa ziwani, huweza kuzaa antimata, yaani mata ya chembe kinyume kama positroni.