"Wapwani hawapendi kusoma" na dhana nyingine kuhusu elimu na matabaka

Dhana: Wapwani waliachwa nyuma kwa sababu hawakupenda kusoma.

Ukweli: Kauli hii husikika barazani Mombasa, tena hata kutoka kwa Wapwani wenyewe, lakini haistahimili historia. Chini ya Waingereza shule zilitengwa kwa rangi, za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, na fedha za serikali zikafuata mpangilio huohuo, Mwafrika akiwa wa mwisho. Shule nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa wamishonari, na mzazi Mwislamu aliyechelea mwanawe asibadilishwe dini hakuwa akiikataa elimu: mtoto alikuwa chuoni akisoma Kurani na kujifunza herufi za Kiarabu, ujuzi ambao mwajiri wa kikoloni hakuuhesabu. Taasisi ya ufundi ya Waislamu, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ilianza kufundisha mwaka 1951, zaidi ya nusu karne tangu Waingereza watangaze utawala wao mwaka 1895.

Dhana: Elimu ya bure imewasawazisha watoto, kwa hiyo anayefeli ni mvivu.

Ukweli: Nchini Kenya karo ya shule za msingi za umma iliondolewa mwaka 2003, na mwaka 2008 serikali ikaanza kugharimia masomo katika sekondari za kutwa. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo madarasa yalifurika, na wazazi wenye uwezo wakawahamishia watoto wao shule za binafsi. Sare, nauli, chakula na tuisheni vilibaki mzigo wa nyumbani. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu alieleza kwamba shule huona kuwa ni kipaji kile ambacho mtoto amekirithi kwao, hasa lugha. Mfano wake uko Mji wa Kale wa Mombasa, ambako mtoto anayekiongea Kiswahili kwa ufasaha ambao mwalimu wake huenda hana hupimwa hesabu na sayansi kwa Kiingereza, pamoja na mwenzake wa Nyali, mtaa wa wenye uwezo, aliyekizoea Kiingereza hicho sebuleni.

Dhana: Kila mtu akipata cheti, matabaka yatakwisha.

Ukweli: Cheti humwinua mtu mmojammoja, lakini hakiongezi idadi ya kazi nzuri. Vyeti vinapozagaa, mwajiri hupandisha kiwango, na kazi iliyompokea wa kidato cha nne huanza kudai diploma, ambayo nayo ina karo yake.