“Mashine Inamulika, Daktari Hawezi Kukosea”: Dhana Potofu Kuhusu Upasuaji wa Mfuko wa Nyongo

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: hospitali ikiwa na kamera ya kumulika mirija ya nyongo, basi mrija mkuu unaopeleka nyongo kwenye utumbo hauwezi kukatwa kimakosa. Wagonjwa wanaisema, na siku hizi hata madaktari wachanga. Si kweli.

Kamera hiyo hutegemea rangi iitwayo indosianini ya kijani, ambayo huchomwa kwenye mshipa wa damu. Ini huichukua na kuitoa pamoja na nyongo, kisha kamera ya infraredi huionyesha mirija iking'aa kwenye skrini. Ule ukijani umepakwa na mashine. Mng'ao wenyewe jicho haliuoni. Tena hupenya tishu milimita 5 hadi 10 tu. Mgonjwa mwenye mafuta mengi, au mwenye mfuko uliovimba ukashikana na kila kilicho jirani, ndiye tunayemhofia zaidi, na kwake ndiko kamera huona kidogo. Jiwe likiziba shingo ya mfuko, rangi haiingii na mfuko unabaki mweusi. Rangi ikichomwa dakika chache kabla ya upasuaji, ini hung'aa mno hadi linameza mirija. Ndiyo maana nasisitiza ichomwe saa kadhaa mapema, mgonjwa akiwa bado wodini.

Kinachomlinda mgonjwa ni kile daktari wa upasuaji Steven Strasberg na wenzake walichokieleza mwaka 1995: ondoa mafuta na tando kwenye pembetatu ya Calot (eneo dogo kati ya ini, mrija wa ini na mrija wa mfuko), bandua theluthi ya chini ya mfuko kutoka kwenye ini, na uone vitu viwili tu vikiingia kwenye mfuko, yaani mrija wake na ateri yake. Hapo ndipo unaweka klipu, yaani vibanio vidogo vya kuvifunga kabla ya kukata. Rangi hukuonyesha mapema mahali pa kuogopa, na kwa hilo naipigania kila hospitali iwe nayo. Lakini vile viwili visipoonekana, simama! Toa sehemu tu ya mfuko, au fungua tumbo. Kovu refu hupona. Mrija mkuu ukikatwa, mgonjwa anaweza kurudi miaka na miaka akiwa na manjano na maambukizi.

Dhana nyingine ninazozisikia kuhusu kamera na rangi hii, na upasuaji wenyewe:

“Ni mionzi.” Hapana. Hii si eksirei, na hakuna anayevaa aproni yenye madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, kwa ajili yake.

“Itaua figo.” Rangi hii hutoka kwa njia ya ini. Nchini Marekani iliidhinishwa mwaka 1959.

“Wanatoa mawe, mfuko unabaki.” Kwa kawaida mfuko wote hutolewa na mawe yake. Ukibaki, unaweza kutengeneza mengine.

“Itaonyesha mawe yaliyoshuka kwenye mrija mkuu.” Usiitegemee kwa hilo. Kuna MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, na kuna picha ya eksirei ya mirija palepale mezani.

“Haimdhuru mtu yeyote.” Hapa napunguza uhakika. Mzio ni nadra, lakini upo, na dawa nyingi za rangi hii zina iodini. Mwenye mzio wa iodini aseme kliniki, kabla hajasaini fomu ya ridhaa.