Kikannada si Kihindi, na mengine tunayodanganyana kuhusu sarufi yake

Vijana wetu wanaokwenda kusoma Bengaluru au Mysuru, miji ya jimbo la Karnataka kusini mwa India ambako husemwa Kikannada, hufika na Kihindi cha kuokota kwenye filamu, wakiamini kitawavusha. Nami nilikuwa mmoja wao. Mwezi wa kwanza nilipanda bajaji (huko wanaiita "auto") kwa bei ya mgeni kila siku, mpaka nilipojifunza kuuliza "eshtu?", yaani shilingi ngapi, na bei ikalegea kidogo. Hapa chini nimeandika irabu ndefu kwa herufi mbili, kama tunavyoandika "taa".

Dhana: Kikannada ni lahaja ya Kihindi.

Hata ukoo si mmoja. Kihindi ni ndugu wa mbali wa Kiajemi na lugha nyingi za Ulaya. Kikannada ni cha ukoo wa Kidravidi, pamoja na Kitamil, Kitelugu na Kimalayalam. Maji kwa Kihindi ni "paani", kwa Kikannada ni "niiru". Maneno ya Kisanskriti yamo tele, kama Kiarabu kilivyojaa kwetu, na bado Kiswahili ni Kibantu. Maandishi ya Kikannada kwenye jiwe la kijiji cha Halmidi ni ya karne ya 5, na mwaka 2008 serikali ya India ilikiingiza Kikannada kwenye orodha ya lugha zake za kale.

Dhana: maneno yao ni marefu mno, mtu wa huku anaanza sifuri.

Anayeanza sifuri ni yule anayekisoma kwa kupitia Kiingereza. Sisi tumezaliwa tukibandika vipande. Tazama: "Naanu shaalege hoogutteene", mimi ninaenda shule. Neno la mwisho likatwe: "hoog" ni kwenda, "utt" ni wakati, "eene" ni mimi. Kwetu ni-na-enda: mtu, wakati, tendo. Kwao tendo, wakati, mtu. Ni neno letu limetazamwa kwenye kioo. Badilisha mkia tu: "hooguttaane" ni mwanamume anaenda, "hooguttaale" mwanamke, "hooguttaare" ni wao, au mtu mmoja unayemheshimu. Hiyo "-ge" ya "shaalege" nayo hukaa nyuma kama "-ni" ya shuleni. ("Shaale" na "shule" kufanana ni bahati tu, letu tumelitoa Kijerumani, lao Kisanskriti.)

Kioo hicho hicho hugeuza karibu kila kitu. Nyumba yangu ni "nanna mane", yangu nyumba. Nyumba kubwa ni "dodda mane". Juu ya meza ni "meejina meele", meza kwanza, juu baadaye. Hata "kitabu nilichosoma" huwa "naanu oodida pustaka": maelezo yote yanatangulia, kitabu kinafunga mlango. Kitenzi husubiri mwisho wa sentensi, kwa hiyo usimkate mtu kauli. Hujajua bado kama amekubali au amekataa.

Dhana: ukijua "mimi" umeshajua kuanza sentensi.

Hapa ndipo nilipoaibika. Mama mwenye nyumba alinikuta jikoni akauliza nataka nini. Nikajua "naanu" ni mimi, "uuta" ni mlo, nikaunga: "Naanu uuta." Alicheka hadi akashika ukuta. Kikannada hakina haja ya "ni": "idu mane" ni sentensi kamili, hii ni nyumba. Kumbe nilikuwa nimemwambia kwamba mimi ni chakula.

Nilipaswa kusema "nanage uuta beeku". "Nanage" maana yake kwangu, na "beeku" ni hitaji. Matakwa, njaa, homa, hata kujua lugha, havifanywi na mtu; vinamjia. "Nanage hasivaagide", njaa imenipata. Mbona sisi husema njaa inaniuma, na usingizi umenichukua? Ukianzia hapo badala ya "nina njaa", "nanage" haitakusumbua. Kukataa ni "beeda": nanage beeda, sitaki.

Dhana: vitu vyote vina jinsia, nyumba ya kiume, meza ya kike.

Hiyo ni habari ya Kihindi. Kikannada humgawa binadamu kuwa mume au mke, na vilivyobaki, wanyama wakiwemo, ni "adu", kile. Ng'ombe wetu huingia A-WA pamoja na watu. Wao humweka na mawe. Ng'ombe amekuja, mitaani husemwa "hasu bantu". Ndiyo, bantu. Na sifa hazipatani na chochote: "dodda" ni kubwa, mkubwa, makubwa, vikubwa, yote kwa mpigo. Kukanusha nako ni raha: "hooguvudilla" hutosha kwa siendi, huendi, hawaendi.

Dhana: herufi zile za duara zitakuchukua miaka.

Umeshawahi kuimba ba, be, bi, bo, bu? Watoto wa Karnataka huimba jedwali la namna hiyo, wakiliita "kaagunita". Konsonanti huja na "a" ndani yake, alama ndogo huibadilisha. Kazi iko kwenye sikio: "bele" ni bei, "beele" ni dengu, na ukikunja ulimi nyuma kwenye "l" ya "bele" inakuwa mazao. Sokoni nilivichanganya vyote vitatu.

Dhana: sarufi ya kitabuni ndiyo inayosemwa.

Kitabu kinaandika "uuta aayitee?", umeshakula? Mtaani ni "uuta aaytaa?", na hiyo "aa" ya mwisho ndiyo swali lenyewe. "Hoogutteene" nayo husinyaa ikawa "hoogtiini". Asubuhi moja nilimuaga mama mwenye nyumba kwa ile ndefu, kipande kwa kipande, bila kukosea. Akaniuliza kama nimepata kazi ya kusoma habari redioni.