Mjumbe wa bodi ya shirika: yanayosemwa Mwanza na hali ilivyo

Mwanza, mtu akitangazwa kuwa mjumbe wa bodi ya shirika lisilo la kiserikali, hasa lenye wafadhili wa nje, jamaa zake humwambia, "Umeula." Wanadhani amepewa cheo. Alichopewa ni kazi ya kujibu: mambo yakiharibika, yeye na wenzake ndio watakaoulizwa na Msajili wa mashirika hayo, na wafadhili, na pengine mahakama. Dhana nyingi kuhusu bodi zinaanzia hapo.

"Shirika ni la mwanzilishi, bodi ni ya kumsindikiza."

Hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote. Mwanzilishi aliuza ng'ombe, akazunguka na faili kwenye ofisi za watu miaka na miaka, basi shirika ni lake, na bodi ni mkewe, shemeji yake na rafiki waliyesoma naye. Jasho lake hakuna anayelibisha. Ila kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, shirika likishasajiliwa linakuwa na nafsi yake kisheria: linamiliki gari na kiwanja kwa jina lake, linashtaki na kushtakiwa. Hakuna mwenye hisa wala wa kugawiwa faida. Kwa utaratibu wa kawaida bodi ndiyo inayomwajiri mkurugenzi mtendaji, inayompima, na ikibidi inayomwachisha kazi. Sasa bodi ya mke na shemeji itamwachisha nani?

"Benki kuna milioni mia tisa, tuna wasiwasi gani?"

Hapa hupotea hata wajumbe wasomi. Fedha za mradi zina masharti yake. Ruzuku ya kuchimba visima Ukerewe hailipi pango la ofisi ya mjini isipokuwa mkataba na bajeti vinaruhusu, hata kama mwenye nyumba ameshakuja na kufuli lake. Mjumbe makini huuliza: katika hizo, ngapi hazina masharti, na zitatuvusha miezi mingapi ruzuku ikikoma?

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Barua za kusitisha kazi zikaanza kutoka siku chache baadaye, na ilipofika Julai 1 shughuli zilizosalia za USAID, shirika la serikali ya Marekani la misaada ya maendeleo, zilikuwa zimehamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Shirika lililotegemea mfuko huo peke yake lilibaki na wafanyakazi wenye mikataba, wazabuni wanaodai, na magari yasiyo na mafuta. Baadhi ya bodi zilijitetea kwamba hakuna ambaye angejua. Kweli, hakuna aliyezitaka zitabiri siasa za Washington. Lakini taarifa ya fedha ya kila robo mwaka ilikuwa mezani, na ilionyesha wazi kwamba karibu mapato yote yanaingilia mlango mmoja. Kuliona hilo mapema na kudai mpango wa akiba ndiyo kazi yenyewe ya bodi.

Pacha wa dhana hiyo ni ile ya "hesabu zimekaguliwa, tumalize kikao." Mkaguzi wa nje hupitia sampuli tu, kisha hutoa maoni yake. Hesabu zenyewe zinabaki kuwa wajibu wa uongozi na bodi, na hati safi, yaani maoni ya mkaguzi yasiyo na dosari, haina maana kwamba hakuna aliyeiba. Pamoja na hati hiyo mkaguzi kwa kawaida huandika barua kwa uongozi akitaja udhaifu aliouona: risiti zisizo na namba, mtu mmoja anayeidhinisha malipo na kuyalipa yeye mwenyewe, stoo isiyohesabiwa. Wapo wajumbe wanaomaliza muda wao bila kuiona barua hiyo hata mara moja. Iombwe, isomwe kikaoni, na kila hoja ipewe mtu na tarehe.

"Bodi imara ni yenye majina makubwa."

Mheshimiwa, profesa, askofu, mfanyabiashara wa samaki mwenye maghorofa. Picha ya pamoja inapendeza, lakini vikao vinaahirishwa kila mara kwa kukosa akidi. Bodi inahitaji anayeweza kusoma mizania, anayeelewa sheria, na anayeijua jamii yenyewe kwa kuishi ndani yake. Huyu wa tatu ndiye anayesahauliwa.

Chukua shirika linalofanya kazi na wavuvi wa dagaa. Mama anayenunua na kuanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, atakuambia kitu ambacho andiko la mradi halina: usiitishe mkutano wa wavuvi wakati wa giza la mwezi. Usiku wako ziwani na taa zao, mchana wamelala. Subiri mbalamwezi, wakati nyavu zinapumzika, ndipo utawapata na akili zao. Ushauri kama huo huokoa fedha za semina nzima. Lakini ukimweka mama huyo kwenye bodi kisha ukampa makabrasha ya kurasa sitini kwa Kiingereza, siku moja kabla ya kikao, umemwalika na kumfunga mdomo papo hapo. Atatikisa kichwa, atasaini mahudhurio, na shirika litawaandikia wafadhili kwamba walengwa wanashirikishwa.

"Wajumbe wanalipwa vizuri."

Wengi hawana mshahara. Uingereza mdhamini wa shirika la hisani, ndiye mjumbe wa bodi huko, kwa kawaida halipwi kwa udhamini wake, ila hurudishiwa gharama. Marekani sheria inaruhusu malipo ya kiasi, lakini walio wengi hujitolea. Kwetu kuna posho ya kikao, nauli, na malazi kwa anayekuja na meli kutoka Nansio. Sina ugomvi na posho. Ugomvi wangu ni na vikao vya dharura vinavyotokea kila mwezi bila dharura yoyote.

"Mwenye maslahi ni mwizi."

Mwanza watu wanafahamiana, na mjumbe mwenye nyumba ya wageni Nyegezi hawezi kuificha. Shirika likitafuta ukumbi wa mafunzo, anatamka maslahi yake, anatoka nje, wenzake wanalinganisha bei bila yeye, na muhtasari unaandika yote hayo. Kosa ni kunyamaza.

"Bodi iko ng'ambo, sisi ni tawi tu."

Shirika lililosajiliwa hapa linajibu hapa. Taarifa ya mwaka hupelekwa kwa Msajili, na maafisa maendeleo ya jamii wa mkoa na halmashauri ndio wasajili wasaidizi. Tangu marekebisho ya 2019 cheti cha usajili hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Kanuni za 2018 zinataka mikataba ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20 iwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa.

Na hao wa ng'ambo nao wana wa kuwauliza. Mashirika mengi ya hisani ya Marekani hujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990, ambayo ni ya wazi kwa umma na husomwa bure mtandaoni. Fomu kamili hutaja kila mjumbe wa bodi kwa jina, wastani wa saa anazotumikia kwa wiki na malipo yake, na huuliza kama kati yao wapo wenye undugu au biashara pamoja. Kikundi cha Sengerema kinachotaka kuingia ubia na shirika la huko kinaweza kuisoma kabla ya kusaini makubaliano.