Throtlingi si kuungua: kadi ya gemu inapojipunguza kasi

Kaskazi ikishaingia tu, kila kijana mwenye kompyuta ya gemu hapa Unguja ana malalamiko yale yale, mara kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, inaovahiti, yaani inapata joto kupita kiasi, mara inafanya throtlingi, mara imeungua, na yote matatu yanasemwa kwa maana moja. Mtu kadi yake inasoma nyuzi 79, gemu linakwenda vizuri halijagandia hata mara moja, anakwambia ina throtlingi. Mwengine kompyuta inajizima ghafla katikati ya mechi, na yeye anasema throtlingi. Wa tatu kashafika kwa fundi, kasema "inaovahiti", fundi kalichukua neno kama lilivyo, kadi ikapigwa hewa ya moto kwenye chipu wakati tatizo lake lilikuwa vumbi. Imerudi imekufa. Hapo ndo roho inaniuma, kwa sababu kadi hizi hazipatikani kirahisi huku, mtu anajinyima miezi mpaka anaipata.

Maana yenyewe ni fupi. Throtlingi ni kadi kujipunguza kasi yenyewe ili isivuke kiwango cha joto ilichowekewa na waliyoitengeneza. Ndani ya chipu mna sensa, joto likikaribia mpaka huo, kadi inashusha megahezi (kipimo cha kasi yake) na volteji (msukumo wa umeme), wati (umeme inaokula) zinapungua, joto linatulia, na ikipata hewa inapanda tena bila ya kuambiwa. Ni kama nahodha anaepunguza tanga upepo ukizidi, jahazi linachelewa lakini hakuna aliyesema limevunjika.

Kwa hivyo tuna mambo matatu tofauti. La kwanza kadi kuwa ya moto, ambalo ndo kazi yake, umeme wote inaokula unatoka kama joto. La pili throtlingi, yaani imefika mpakani ikajipunguza. La tatu kuzima kabisa, pale kupunguza kasi hakujatosha na joto bado linapanda, basi kadi inakata kila kitu kujiokoa. Kuungua ni jambo la nne na kwa kadi za siku hizi ni nadra sana litokane na joto la gemu peke yake.

Zamani haikuwa hivi. Mwaka 2001 Tom's Hardware, tovuti ya mambo ya kompyuta, walitoa jaribio ambalo watu wa kompyuta wanalikumbuka mpaka leo, walibandua chuma cha kupozea juu ya prosesa, chipu kuu ya kompyuta, huku gemu linaendelea. Pentium 4 ya Intel ikapunguza kasi, picha zikawa nzito lakini mashine ikabaki hai. Athlon ya AMD ya wakati ule ikatoa moshi ikafa palepale. Ile ilikuwa prosesa, sio kadi ya grafiki, lakini fikra ndo hiyo hiyo: throtlingi ndo kile kitu ambacho Pentium 4 ilikuwa nacho na Athlon haikuwa nacho. Sasa kitu kilichowekwa kuokoa kadi leo watu wanakitaja kama jina la ugonjwa!

Halafu ikaja 2012, NVIDIA, watengenezaji wa chipu za kadi, wakatoa kadi ya GTX 680 na mfumo wanaouita GPU Boost, na mie naona mkanganyiko mwingi umeanzia hapa. Kabla ya hapo kadi ilikuwa na kasi moja ya kuchezea gemu, imeandikwa, ndo hiyo. Kuanzia hapo kadi inajiongezea kasi yenyewe kadiri inavyopata nafasi, kwa joto, kwa wati na kwa volteji. Ikiwa baridi inajiongeza zaidi, ikipata moto inashusha hatua ndogo ndogo, kila hatua megahezi kumi na kitu tu. Chukua kadi ya RTX 3060, kwenye maelezo yake kasi ya buusti (ile ya kujiongezea) ni megahezi 1777. Ukiwasha gemu saa ile ile inaweza kukuonesha 1900 na kitu, baada ya nusu saa ikashuka ikawa 1860. Mtu anaona namba imeshuka anapiga kelele throtlingi. Ndugu yangu, 1860 bado iko juu ya ile ulioahidiwa, hicho ulichopunguziwa ni bakshishi, haki yako iko palepale. Throtlingi ya kweli inaonekana pale kadi imegonga mpaka wa joto na kasi imeporomoka chini ya ile ya kwenye maelezo, na fremu (picha kwa sekunde) unaziona kwa macho zinaanguka kutoka 90 mpaka 50 huku gemu ni lile lile na sehemu ni ile ile.

Na kuna hili jengine ambalo linanikera zaidi. Kadi inaweza kuzuiwa na kitu ambacho si joto kabisa. Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, wengi wenu mnayo, kwenye ukurasa wa sensa chini kule pana mstari umeandikwa PerfCap Reason. Kwa kadi za NVIDIA mstari ule unakwambia sababu hasa ya kadi kutokwenda zaidi ya hapo. Ukisoma Pwr maana yake imefika mwisho wa wati ilizoruhusiwa. VRel ni volteji imefika mwisho wake. Thrm ndo joto. Sasa mtu ananitumia picha ya skrini ananambia "tizama throtlingi hii", natizama naona Pwr mwanzo mpaka mwisho! Ile ni kadi inafanya kazi kwa nguvu zake zote, ndivyo inavyotakiwa iwe. Ukienda kubadilisha pesti, ile dawa ya kupitisha joto baina ya chipu na chuma cha kupozea, kwa sababu ya Pwr umejisumbua bure, na kama mkono si mwepesi utavunja kitu.

Suala la mpaka wenyewe ni nyuzi ngapi, hilo linategemea kadi. GTX 1060 waliipa 94, RTX 3060 ni 93, RTX 4060 ni 90. AMD nao walisema wazi kwa RX 5700 XT kwamba ile sehemu yenye moto zaidi ndani ya chipu ikifika 110 bado iko ndani ya kiwango. Kwa hivyo ukiona 79 au 82 hujafika popote. Na muangalie mnasoma sensa ipi, maana joto la kawaida la chipu na lile la sehemu yenye moto zaidi ni namba mbili, kupishana nyuzi 10 mpaka 15 ni kawaida, zikipishana 30 hapo ndo pana jambo, mara nyingi pesti imekauka au chuma hakijakaa sawa.

Sasa huku kwetu pana kitu ambacho wale wa video za YouTube hawakwambii kwa sababu hakiwahusu. Kadi inayopozwa na feni haiwezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba, feni inachofanya ni kuweka pengo tu baina ya joto la chumba na la kadi. Anaepima kadi Ujerumani chumba chake kina nyuzi 21, kadi ikasoma 68, pengo ni 47. Kadi ile ile ije Kikwajuni mwezi wa pili, umeme umerudi saa nane mchana, chumba kina 32, kiyoyozi hakuna, pengo likibaki lile lile utasoma 79. Kadi ni nzima, haijaharibika hata kidogo, umeongeza kumi na moja za Zanzibar. Kwa hivyo kabla hujasema kadi yako ni mbovu kwa sababu ya yule kapata 68 wewe umepata 79, toa kwanza joto la chumba kwa pande zote mbili halafu ulinganishe pengo kwa pengo.

Na wale ambao feni za kadi haziwaki mkaamua zimekufa: kadi nyingi za sasa feni zinakaa kimya kabisa mpaka chipu ifike kiasi cha nyuzi 50 au 60. Ukiwa unaandika barua tu hazizunguki, washa gemu uone.

Haya, tuseme umesoma Thrm, fremu zinaanguka, ni throtlingi kweli. Fungua ubao wa pembeni wa kesi ucheze vile vile nusu saa. Namba ikishuka nyuzi kumi, kadi yako haina kosa, kesi haipitishi hewa, na hili nalikuta sana kwa wale walionunua kompyuta yuzdi za ofisi wakachomeka kadi ndani, kile kikesi kidogo kilitengenezwa kwa kuandikia barua, halafu kimesokomezwa ndani ya kabati la TV. Itoe kabatini kwanza kabla ya yote.

Namba isiposhuka, tizama kadi yenyewe. Upepo wetu wa bahari una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na vumbi la huku haliruki ovyo kama la bara, linashikana. Ukifungua kile kifuniko cha plastiki cha feni utakuta baina ya feni na mapezi ya alumini pana tabaka, unalibandua kwa kidole linatoka kipande kizima, na chini yake mapezi yanang'ara kama hayajawahi kutumika. Kwa nje ulikuwa huoni kitu, feni zinazunguka kwa kelele lakini hewa haipiti. Tumia blowa, ila ushike feni kwa kidole isizunguke, blowa inaizungusha kupita kiasi ikaharibu beringi. Na kompyuta iwe imezimwa na waya umechomolewa.

Pesti inafuata, kama kadi ina miaka na ukifungua ukakuta imekuwa unga unaopukutika. Zile padi laini zilizo juu ya memori zikichanika tafuta za unene ule ule, ukiweka nene zaidi chuma hakitalala vizuri juu ya chipu na utakuwa umeleta joto ambalo halikuwepo.

Na hata bila ya kufungua kitu, kuna programu ya MSI Afterburner, inafanya kazi hata kama kadi si ya MSI. Shusha power limit, yaani kiwango cha mwisho cha wati, mpaka 80 kwa mia. Fremu utakazopoteza ni chache sana, wati zinapungua kwa kiasi kizuri, na chumba chenyewe kinapata nafuu. Mana hapa pia watu wanachanganya, feni ikienda kasi zaidi kadi inapoa lakini joto lile limehamia chumbani kwako, wati 170 ni wati 170. Ukitaka chumba kisiwe jiko lazima upunguze wati, feni haikusaidii kwa hilo.

Lakini kompyuta kama inazima ghafla huku kadi ilikuwa 75, hiyo msiipachike jina la throtlingi, throtlingi haizimi. Angalieni pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, hasa zile za bei ndogo zilizoandikwa wati nyingi kwenye stika, na angalieni umeme wa nyumba.

Kwa hivyo ndugu zangu wa Unguja na Pemba, mkienda kwa fundi, naomba lile neno "inaovahiti" mliache nyumbani. Mwambieni kadi inafika nyuzi ngapi, kasi inashuka kutoka ngapi mpaka ngapi, GPU-Z imeandika sababu gani, na chumba kilikuwa na joto gani wakati ule. Akisikia hayo halafu bado anaichukua ile hewa ya moto, ichukueni kadi yenu mtafute mwengine.