Mlinganisho wa maneno na mizizi ya Kigiriki na Kilatini

Samaki kwa maji ni kama ndege kwa nini? Wengi watajibu hewa. Mwingine atasema mti, mwingine kiota, na hapo ubishi unaanza. Swali la namna hii ndilo linaloitwa mlinganisho wa maneno. Unapewa maneno mawili yenye uhusiano fulani, kisha unatafuta jozi nyingine yenye uhusiano uleule. Wa "hewa" wameshinda kwa sababu sentensi yao inakaa pande zote mbili: samaki husafiri ndani ya maji, ndege husafiri ndani ya hewa. Kiota ni mahali pa kutagia, na samaki hawatumii maji kwa kazi hiyo peke yake.

Kwenye karatasi ya mtihani huandikwa kwa nukta pacha: samaki : maji :: ndege : hewa. Alama hizo zimeazimwa kwenye hesabu za uwiano, kama 2 : 4 :: 3 : 6, na jina la Kigiriki la mchezo huu, analogia, maana yake ni uwiano huohuo. Kwa miaka mingi maswali haya yaliwatoa jasho vijana wanaoomba vyuo vya Marekani, hadi mtihani wa SAT ulipoyaondoa mwaka 2005 na GRE mwaka 2011. Hayajafa lakini. Ukiitwa kwenye usaili wa kazi wenye mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri, usishangae kuyakuta.

Ugumu wake mara nyingi ni msamiati tu. Mtu anaujua uhusiano vizuri, ila neno lenyewe hajawahi kulisikia. Ndipo mizizi inapomfaa, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno ya kisomi ya Kiingereza imejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na kipande kimoja hurudi katika maneno kadhaa.

Mswahili si mgeni wa mambo haya. Kitabu, katibu, maktaba: konsonanti k-t-b za Kiarabu, zinazohusu kuandika, zimepita katika maneno yote matatu. Hukumu, hakimu, mahakama: safari hii ni h-k-m. Ukiulizwa maktaba kwa kitabu ni kama mahakama kwa nini, utasema hukumu kabla muulizaji hajamaliza. Tofauti ni kwamba mizizi ya Kigiriki na Kilatini haichanganyiki na irabu kwa namna hiyo. Huunganishwa kama mabehewa. Tele ni mbali, skop ni kutazama, ukiyafunga pamoja unapata teleskopu. (Darubini yetu nayo imeundwa vivyo hivyo kwa Kiajemi: dur, mbali, na bin, kuona.)

Mzizi ninaoupenda kuliko yote ni tom, kukata. Atomu ni a-, yaani "si", pamoja na tom: kitu kisichokatika, jina ambalo wanafizikia walikuja kulivunja kwa vitendo. Anatomia ni elimu ya mwili iliyopatikana kwa kupasua. Entomolojia ni elimu ya wadudu, kwa sababu Wagiriki walimwita mdudu entomon, aliyekatwakatwa, wakitazama mwili wake uliogawanyika kichwa, kifua na tumbo. Warumi wakalitafsiri neno hilo kwa Kilatini, wakapata insectum, nalo linatoka kwenye kukata pia. Kwa hiyo ukikutana na ORNITHOLOGY : BIRDS :: ENTOMOLOGY : ?, huna haja ya kuwa mtaalamu wa wadudu. Ila usiichanganye na "etymology", elimu ya asili ya maneno. Mtunga mtihani anajua kabisa kwamba macho yako yamechoka.

Hospitalini tom ina sura mbili. Katika "appendectomy" kuna ek, nje, kabla ya tom: kukata na kutoa nje, ndio upasuaji wa kuondoa kidole tumbo. Katika "tracheotomy" hakuna ek. Daktari anatoboa koo la hewa ili mgonjwa apumue, na koo linabaki mahali pake. Sasa mtu akikuwekea APPENDECTOMY : APPENDIX :: TRACHEOTOMY : TRACHEA, mzizi ni mmoja, lakini wa kwanza unaondoa na wa pili unafungua. Mlinganisho umekufa hapo.

Tuchukue swali moja tulitazame kwa karibu. REGICIDE : KING :: FRATRICIDE : ?, na majibu ya kuchagua ni FRIEND, BROTHER, PRIEST, FREEDOM. Tuseme maneno yote mawili marefu ni mageni kwako. Anza na mkia, maana ndio unaojirudia: -cide, kutoka kitenzi cha Kilatini caedere, kupiga, kukata, kuua. Umeshauona kwenye kopo la "insecticide" nyumbani. Jozi ya kwanza imekupa zawadi: kuna kuua, kuna mfalme, basi reg- lazima iwe mfalme, na kweli Kilatini cha mfalme ni rex, regis. Tunga sentensi: regicide ni kitendo cha kumuua mfalme. Ihamishie upande wa pili: fratricide ni kitendo cha kumuua nani? Frater ni ndugu wa kiume, mzizi uleule wa "fraternity", udugu. Jibu ni BROTHER. FRIEND na FREEDOM zimewekwa pale kwa sababu zinaanza na f-r, mtego wa wanaobahatisha.

Badilisha jozi ya kwanza iwe PESTICIDE : PEST na mambo yanageuka. Pesticide si kitendo, ni dawa, ile unayoinunua kwenye duka la pembejeo. Jozi inayolingana nayo ni GERMICIDE : GERMS, dawa na vijidudu inavyoua, hata kama REGICIDE : KING iko jirani inakukonyeza.

Hata namba zina mtindo huo. Kilo ni elfu kwa Kigiriki, mili ni elfu kwa Kilatini. Wafaransa walipounda mfumo wa mita mwishoni mwa karne ya 18, walivipa viambishi vya Kigiriki kazi ya kuzidisha na vya Kilatini kazi ya kugawanya. Ndiyo maana kilomita : mita :: mita : milimita ni mlinganisho safi, kila cha kwanza kikiwa mara 1,000 ya cha pili. Lakini kilomita : mita :: milimita : mita ni kosa, ingawa "elfu" imo kote kuwili.

Kuna mizizi inayofanana sura tu. Homo ya Kilatini ni mtu, kama katika Homo sapiens. Homo ya Kigiriki ni -moja, -a namna ileile, kama katika homonimu, maneno yenye sura moja na maana tofauti. Kuna na maneno yaliyohama mbali na mizizi yake. Desemba ina decem, kumi, kwa sababu mwaka wa kale wa Kirumi ulianza Machi, ila leo ukiandika kwamba ni mwezi wa kumi utakosa maksi.

Msumbufu kuliko wote ni ped. Kilatini pes, pedis ni mguu, ndiko inakotoka pedali ya baiskeli. Kigiriki pais, paidos ni mtoto, ndiko anakotoka "pediatrician", daktari wa watoto. Basi jaribu hili: PEDIATRICIAN : CHILDREN :: ORTHOPEDIST : ?. Anayejua Kilatini atakimbilia FEET. Anayejua Kigiriki atarudia CHILDREN, na kwa asili ya neno yuko sahihi: daktari Mfaransa Nicolas Andry alilibuni mwaka 1741 kwa orthos, kunyooka, na paidos, akizungumzia kuwanyoosha watoto wenye viungo vilivyopinda. Lakini aliyewahi kumpeleka mgonjwa wa ajali kwa daktari wa mifupa atachagua BONES bila kufungua kamusi, na ndiye atakayepata maksi.